Shajara ya mradi: BALB/c dhidi ya DBA/2, Mtwara

Machi. Kuchagua nasaba

Mradi una swali moja. Panya wa nasaba ya BALB/c na wa DBA/2 wana H-2 ileile, yaani H-2d. Hata hivyo seli T (seli nyeupe za kinga) za BALB/c zikiwekwa pamoja na seli za DBA/2 zinagawanyika kwa kasi, kana kwamba zimekutana na mgeni kabisa. Ukigeuza, DBA/2 aitikie na BALB/c achochee, panakuwa kimya. Tunataka kuliona jambo hili kwa vifaa tunavyoweza kuvimudu Mtwara, kisha kuifuata antijeni inayohusika, yaani kitu kinachoziamsha seli T hizo, kwa watoto na wajukuu wa panya hao.

Kwa anayeingia mradini leo: H-2 ni kundi la jeni kwenye kromosomu ya 17 ya panya, nalo ndilo linaloamua sura ya protini za K, D, L, I-A na I-E zinazokaa juu ya seli. Peter Gorer aliigundua Uingereza mwaka 1936. George Snell akaichambua Bar Harbor, Marekani, kwa kuzalisha panya waliofanana kwa kila kitu isipokuwa kipande hicho, na mwaka 1980 akapata Nobel pamoja na Baruj Benacerraf na Jean Dausset. Kanuni iliyozoeleka ni kwamba H-2 zikitofautiana seli T zinawaka, zikilingana zinatulia. BALB/c na DBA/2 wanaivunja kanuni hiyo. Hilliard Festenstein aliifuatilia tofauti hii na kuipa jina la Mls (kifupi cha Kiingereza, "minor lymphocyte stimulating"), lakini kwa miaka mingi hakuna aliyeweza kutengeneza kingamwili ya kuishika antijeni yenyewe. Mwaka 1991 ndipo ilipojulikana sababu: Mls-1a, aina ya Mls yenye nguvu, hutoka kwa Mtv-7, provirusi ya virusi vya uvimbe wa maziwa ya panya iliyojipachika kwenye kromosomu ya 1 na kurithiwa kama jeni nyingine yoyote. DBA/2 anayo. BALB/c hana.

Protini ya Mtv-7 ni supaantijeni. Haikai ndani ya mfereji wa I-A au I-E kama kipande cha protini kinavyokaa. Inashika ubavuni, na inaidaka seli T kwa upande wa Vβ tu, kipande kimoja cha kipokezi chake. Kwa hiyo seli T zote zenye Vβ6, Vβ7, Vβ8.1 au Vβ9 zinaguswa, bila kujali zilizaliwa kumtambua nani. Ndiyo maana mwitikio unakuwa mkubwa hivyo.

Kuhusu oda: herufi zinazofuata mkwaju kwenye jina la nasaba si pambo. CBA/J ana Mls-1a, CBA/CaJ hana, na wote wawili ni H-2k. Ankara ikija imeandikwa "CBA" tupu, irudishwe kabla ya kulipwa. Tumeagiza BALB/c, DBA/2 na C57BL/6. Huyu wa tatu ni H-2b, atatumika kama mfano wa tofauti halisi ya H-2. Asitumike kuitikia DBA/2 kwenye jedwali la Mls, kwa sababu hapo H-2 na Mls zinachanganyika na huwezi kusema nini kimefanya nini.

Aprili. Chumba cha panya

Kibali cha utafiti cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) kimebandikwa ukutani, na taratibu za kuhudumia na kuua panya zimeandikwa kufuata Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008.

Joto la pwani ndilo adui wa kwanza. Panya wa maabara anataka nyuzi 20 hadi 26 na unyevu wa asilimia 40 hadi 60. Chumba kikikaa kwenye 30 majike yanaacha kubeba mimba, au yanazaa na kutelekeza. Viyoyozi viwili vinapokezana, na mashine ya kupunguza unyevu inamwaga maji yake nje kwa mpira, si kwenye ndoo ndani ya chumba. Ndoo ikijaa usiku mashine inajizima yenyewe.

Matandiko ni mabunzi ya mahindi yaliyosagwa na kupitishwa kwenye otoklevu, chombo cha kuua vijidudu kwa mvuke. Pumba za mpunga zinafaa pia, ila zina vumbi. Magunia yaliyowahi kubeba korosho ghafi hayaingii kabisa humu ndani. Mafuta ya ganda la korosho yanababua ngozi ya mbanguaji, sembuse panya wa gramu 20. Chakula cha kuku wa nyama nacho hakifai, maana mara nyingi kina dawa ya koksidia.

Jenereta limehamishiwa nyuma ya ukuta wa pili, na UPS inabeba taa na feni mpaka liwake. Hii si anasa. Watoto wa DBA/2 wa karibu wiki tatu wanapata degedege kwa kelele kali ya ghafla: anakimbia ovyo, anaanguka, anakakamaa, na wengi hawaamki. Umri huohuo ndio wa kuwaachisha ziwa. Umeme ukikatika na jenereta likanguruma dirishani, unaweza kupoteza uzao mzima wa nasaba ambayo tayari inazaa wachache. Kwa sababu hiyohiyo, mifuniko ya chuma ya vizimba haitupwi sakafuni.

Panya wa mtaani wanazuiwa kwa wavu na bati la sentimita 60 mlangoni. Wanaleta minyoo na virusi, na panya mwenye maambukizi ana seli T zilizokwisha kuamka kabla hujazigusa.

Mei. Usomaji, gesi na barabara

Njia ya zamani ya kupima mgawanyiko ni thaimidini yenye tritiamu, yaani kijenzi cha DNA chenye mionzi. Inahitaji leseni ya Tume ya Nguvu za Atomiki, kaunta ya pekee na mahali pa kutupa taka. Tumeiacha. Tunatumia BrdU: seli inayonakili DNA inaimeza, halafu kingamwili yenye kimeng'enya inaionyesha kwa rangi, na kisomaji cha sahani kinasoma kwenye nanomita 450. Kisomaji hicho maabara nyingi za hospitali wanacho tayari kwa ajili ya ELISA.

Kuhesabu seli za Vβ6 kunahitaji flosaitometa, mashine inayosoma seli moja moja, nayo iko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 550 kwa barabara. Seli hai hazivumilii safari hiyo. Zinapakwa kingamwili hapa, zinagandishwa umbo kwa paraformaldehaidi ya asilimia 1, zinafunikwa zisipate mwanga, na zinasafiri kwenye boksi la baridi kwa nyuzi 2 hadi 8. Vifuko vya barafu vitenganishwe na mirija kwa kadibodi, la sivyo sampuli zinaganda na kupasuka. Zisomwe ndani ya saa 48. Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, barabara ilikatika Somanga, wilayani Kilwa, na hakuna basi lililopita. Mpango wetu kwa hiyo ni kwamba kila sampuli inayosafiri iwe na pacha wake wa BrdU unaosomwa hapahapa.

Mitungi ya CO2, gesi ya inkubeta ya kukuzia seli, nayo inatoka Dar. Mmoja unatumika, mmoja mzima uko pembeni. Vyombo vya lishe ya seli vina HEPES ya milimola 20 ili gesi ikipungua kwa saa chache asidi isiyumbe. Lishe ikigeuka kutoka rangi ya chungwa kuwa zambarau, usiangalie seli, angalia mtungi.

Juni. Salfa

Msimu wa kupuliza mikorosho dhidi ya ubwiriunga (ugonjwa wa ukungu) umeanza, na kusi inaleta vumbi la salfa mpaka mjini. Linaonekana asubuhi kwenye kingo za madirisha, unga wa njano laini. Chujio za hewa zinabadilishwa kila wiki hadi Septemba badala ya kila mwezi, na anayetoka shamba anaoga na kubadili nguo kabla ya kuingia kwa panya. Panya wanaopiga chafya wasiingizwe kwenye majaribio wiki hiyo.

Julai. Itifaki iliyokubalika

Lishe: RPMI 1640, serumu ya ndama asilimia 10 iliyopashwa nyuzi 56 kwa dakika 30, glutamini milimola 2, penisilini yuniti 100 kwa mililita, streptomaisini mikrogramu 100 kwa mililita, na 2-mekaptoethanoli mikromola 50. Hiki cha mwisho ndicho wataalamu waliozoea damu ya binadamu wanachokisahau, kwa kuwa seli za binadamu zinaenda bila hicho. Za panya haziendi. Chupa ya dukani ni mola 14.3, hivyo usijaribu kupima mikrolita moja na robo tatu kwa nusu lita. Tia mikrolita 35 kwenye mililita 10 za maji safi upate milimola 50, chuja, kisha weka mililita 0.5 ya hiyo kwenye mililita 500 za lishe. Fungua chupa ndani ya kabati la mvuke. Harufu yake itakaa jengoni siku nzima.

Bandama ya panya mzima inatoa karibu seli milioni 80 hadi 100. Isage taratibu kwenye chujio la mikromita 70 kwa kitako cha bomba la sindano. Chembe nyekundu zinapasuliwa kwa mchanganyiko wa amonia kloraidi. Vitabu vinasema dakika mbili hadi tano kwa joto la chumba, lakini chumba kinachomaanishwa humo si cha Mtwara. Hapa, kwenye nyuzi 29 au 30, dakika moja inatosha, kisha jaza lishe hadi mililita 15 haraka. Ukizidisha, limfosaiti (seli T na seli B) zinakufa pamoja na chembe nyekundu na unabaki na makamasi ya DNA yasiyopita kwenye pipeti.

Sentrifuji ni g 300 kwa dakika 7. Kwa rota yetu yenye nusu kipenyo cha sentimita 15 hiyo ni mizunguko kama 1,340 kwa dakika. Namba hii imeandikwa kwenye mfuniko, kwa sababu kila mtu anataka kuzungusha 3,000 ili amalize mapema.

Seli chochezi ni za bandama, milioni 20 kwa mililita, zinakaa na mitomaisini C, dawa inayozizuia zenyewe zisigawanyike, ya mikrogramu 50 kwa mililita, dakika 30, nyuzi 37, gizani. Kisha zinaoshwa mara tatu, na kabla ya mwosho wa mwisho zinapumzishwa dakika kumi zitapike dawa iliyobaki ndani. Bandama ni muhimu hapa: Mls-1a inaonyeshwa vizuri na seli B, seli za kinga zinazotengeneza kingamwili. Ukichuja seli B ukabaki na seli nyingine, uchochezi unashuka sana. Wanaotaka ishara kubwa zaidi huzilaza seli hizo usiku mmoja na LPS (sumu ya bakteria inayoziamsha) ya mikrogramu 10 kwa mililita kabla ya mitomaisini, lakini basi lazima ziwepo seli za BALB/c zilizolazwa vivyo hivyo kama ulinganisho, na LPS yenyewe ioshwe ikaishe.

Seli zinazoitikia ni za matezi ya limfu, si bandama, maana matezi yana seli T nyingi zaidi. Laki nne kwa kila kisima, pamoja na laki nne za uchochezi, kwenye mikrolita 200, sahani ya visima 96 yenye kitako cha mviringo, kila mchanganyiko visima vitatu au zaidi. Visima vya pembeni vinajazwa maji ya chumvi ya PBS tu. Inkubeta ikikauka, pembeni ndiko kunakoathirika kwanza, na utapata "mwitikio" ambao ni uvukizi. BrdU ya mikromola 10 inaongezwa saa 18 kabla ya kusoma. Kwa Mls tunasoma siku ya tatu na ya nne. Kwa tofauti ya H-2 ongeza na siku ya tano.

Kila sahani lazima iwe na hivi: BALB/c dhidi ya BALB/c, BALB/c dhidi ya DBA/2, DBA/2 dhidi ya BALB/c, BALB/c dhidi ya C57BL/6, seli chochezi peke yake, na seli zinazoitikia pamoja na konkanavalini A, inayowasha seli T zozote zilizo hai, ya mikrogramu 2.5 kwa mililita.

Agosti. Sahani zinavyosoma, na zinavyoharibika

Mpangilio umetoka kama unavyotakiwa. BALB/c dhidi ya DBA/2 inawaka. Kwenye hadubini mafundo ya seli yanaonekana siku ya tatu bila hata kutia rangi. DBA/2 dhidi ya BALB/c haizidi msingi. BALB/c na C57BL/6 zinawaka pande zote mbili. Huo upande mmoja kuwaka na wa pili kulala ndio alama ya Mls, na ndio ulinganisho bora kuliko wote tulionao, kwa sababu ni seli zilezile, dawa ileile, siku ileile.

Kwa nini DBA/2 hawaitikii? Sio kwamba BALB/c hana cha kuwaonyesha. Nasaba hizi zinatofautiana kwa antijeni nyingi ndogo, zilizo nje ya H-2. Ila antijeni ndogo haziamshi seli T za kutosha katika mchanganyiko wa mara ya kwanza wa panya asiyechanjwa. Supaantijeni peke yake ndiyo yenye nguvu hiyo, na BALB/c hana Mtv-7 ya kuonyesha.

Sahani zilizokataliwa zimeacha mafunzo yafuatayo.

Visima vyote vyenye seli chochezi kufa: mitomaisini haikuoshwa vizuri. Kinachothibitisha ni kwamba seli zinazoitikia zikiwekwa peke yake na konkanavalini bila seli chochezi, ziko hai.

Seli chochezi peke yake kumeza BrdU: mitomaisini imezeeka au imepigwa na mwanga. Chupa iliyokwisha kuyeyushwa isikae kwenye friji la mlango wa kioo.

DBA/2 kuonekana wanaitikia BALB/c: kabla ya kushangilia, tazama tena mstari wa seli chochezi. Seli T za BALB/c zisipozimwa sawasawa zinaitikia DBA/2 waliomo kisimani, yaani mwitikio unatoka upande usiotarajiwa.

Msingi kuwa juu kila mahali, BALB/c dhidi ya BALB/c wakiwemo: endotoksini, yaani LPS ya bakteria, na mara nyingi imetoka kwenye maji. Maji ya kisima cha pwani yakipitia mashine ya kukeneka yenye magamba ya chokaa, yanatoka masafi kwa macho tu. Tia polimiksini B ya mikrogramu 10 kwa mililita kwenye nusu ya visima. Msingi ukishuka, umempata mhalifu. Tangu hapo lishe inachanganywa kwa maji ya sindano ya hospitali, ghali kidogo lakini hayana ubishi.

Septemba. Chotara na rangi zao

Chotara wa kwanza, mama BALB/c na baba DBA/2, wamekomaa. Wote wana manyoya ya kahawia, kila unywele ukiwa na mikanda ya rangi mbili. BALB/c ni mweupe, DBA/2 ni kahawia iliyofifia, na jeni zao zikikutana rangi ya kahawia inarudi kamili. Uzao mmoja ulikuwa na weupe ndani yake. Hiyo haiwezekani kwa chotara halisi: mama alikuwa ameshabeba mimba ya dume la BALB/c kabla ya kuhamishwa. Kizimba kizima kimetolewa kwenye mradi. Jike litenganishwe na madume kwa siku 21 kamili kabla ya kupandishwa kwa nasaba nyingine.

Marufuku nyingine: mtoto wa nasaba moja asinyonyeshwe na mama wa nasaba nyingine, hata kama mama yake amekufa. Virusi vya aina hii vinaweza kupita kwenye maziwa. Panya wa C3H wenye virusi vya maziwa, kwa mfano, huwaachia watoto supaantijeni inayofuta seli za Vβ14. Ukifanya hivyo hujui tena ni urithi au ni maziwa.

Chotara kwenye sahani: kama uchochezi, wanaiwasha BALB/c. Kama waitikiaji, hawawashwi na mzazi yeyote. Nakala moja ya Mtv-7 inatosha.

Oktoba. Vβ6 kwenye damu

Chotara wamepandishwa tena kwa BALB/c, na watoto hao wamefika wiki sita. Hawapimwi wakiwa wachanga, kwa kuwa siku za kwanza baada ya kuzaliwa seli za Vβ6 bado zipo hata kwa aliyerithi Mtv-7. Thaimasi, tezi ambamo seli T hukomaa, inazifuta kadiri mtoto anavyokua. Hili ndilo jambo ambalo kipimo cha sahani peke yake hakiwezi kukuambia. Antijeni ileile inayowasha seli T za jirani, kwa mwenyewe inaziondoa mapema kabla hazijatoka kwenye thaimasi. Kutoitikia kwa chotara si uvivu wa seli zake. Seli zenyewe hazipo.

Kila panya anatolewa mikrolita 80 za damu kwenye heparini, dawa ya kuzuia damu isigande. Kingamwili ni RR4-7 kwa Vβ6, GK1.5 kwa CD4 (alama ya seli T saidizi), na 14-2 kwa Vβ14. Hiyo ya mwisho inalinda dhidi ya udanganyifu. Vβ6 ikishuka na Vβ14 ikabaki pale pale, ni Mls. Zikishuka zote mbili, sampuli imeharibika njiani au kingamwili haikutosha. BALB/c wa kawaida ana Vβ6 karibu 10 kwa kila seli 100 za CD4. DBA/2 na chotara wako chini ya 1. Wajukuu wanagawanyika katika mafungu hayo mawili, hakuna wa katikati, kama jeni moja inavyopaswa kufanya.

Watu wawili wameuliza kama weupe ndio wasio na Mls na wenye rangi ndio wanayo, ili tuokoe fedha za kingamwili. Hapana. Jeni ya weupe iko kwenye kromosomu ya 7 na Mtv-7 iko kwenye kromosomu ya 1. Utapata weupe wenye Vβ6 na weupe wasio nayo. Vilevile usitarajie nusu kwa nusu kamili katika uzao mmoja: kati ya wajukuu 20, kupata 6 upande mmoja na 14 upande wa pili ni jambo la kawaida.

Uzuri wa jozi hii ni kwamba babu, bibi, chotara na wajukuu wote ni H-2d. Tofauti yoyote ya Vβ6 kati yao haiwezi kusingiziwa H-2.

Novemba. Zinazofuata

Oda ya B10.D2 imepitishwa: H-2d, bila Mtv-7, na antijeni ndogo tofauti na za BALB/c. Wakiingia, sahani itakuwa na mstari wa BALB/c dhidi ya B10.D2, na huo ukilala, hoja ya kwamba ni antijeni ndogo zinazowasha BALB/c dhidi ya DBA/2 inafungwa.

Wajukuu waliosoma Vβ6 ya chini wanawekwa kama seli chochezi kwa BALB/c, mmoja mmoja, bila anayesoma sahani kuambiwa nani ni nani. Vizimba vimebadilishwa namba na daftari la namba limefungiwa kabatini. Mitungi ya CO2 iagizwe kabla ya Desemba, kwa sababu kati ya Krismasi na mwaka mpya hakuna wa kuijaza.